Bolti ya Tundu la Juu

Gashonga, 14 Novemba 2004

Papa Ushindi,

Amani ya Bwana ikukute. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sisi huku tulikwisha kukulilia. Siku zile za risasi, mwezi wa sita, tuliambiwa garaji yako ya Kadutu imeporwa na wewe umekufa. Nami nilikuwa na kilio changu ndani ya nyumba, lakini nilikutolea machozi yako pia. Juzi Maman Nzigire, yule anayevusha vitunguu mpakani, akaniambia amekuona Bagira, mzima, unagombana na mteja. Nikajua kweli ni wewe.

Sijui kama habari ilikufikia. Damascène hayupo. Alianguka kwenye kona ya Mururu, siku hizo hizo, na ile pikipiki uliyomkatia na kumchomelea upya. Nimeandika haraka ili nisirudie kuisoma sentensi hiyo.

Pikipiki ilinyoshwa Kamembe, na sasa mdogo wake, Manzi, ndiye anabeba abiria nayo. Tunakula kwa hiyo. Lakini ina ugonjwa. Ikishika mwendo kidogo, hasa kwenye mteremko, usukani unaanza kutikisika kushoto na kulia, kwanza pole, halafu kwa nguvu mpaka mikono inataka kuachia. Mara mbili Manzi amerudi na magoti yamechubuka. Waendesha pikipiki wenzake wanasema ni marehemu anadai usukani wake. Padri amekuja kuinyunyizia maji. Baba mkwe wangu anataka ikatwe vipande na kuuzwa, na Manzi anasema ikikatwa naye aondoke nyumbani.

Wewe ndiye uliyeitengeneza. Niambie ina nini. Nimeshazika mume, sitaki kuzika na shemeji.

Mimi Maman Aurore,
Gaudiose

*

Bagira, 21 Novemba 2004

Maman Aurore, shemeji yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Sikujua. Tangu tukiwa darasa moja, mimi na Damascène, yeye alikuwa anafika mahali kabla yangu. Mwambie Aurore kwamba baba yake alikuwa muntu, mtu kamili, na neno hilo huku kwetu silitoi ovyo.

Usiniulize habari za nyumbani. Mke yuko, Ushindi na wadogo zake wako. Garaji haiko. Simu walichukua. Barua zako mpe Maman Nzigire peke yake na azifiche ndani ya vitunguu, maana siku hizi barua kutoka ng'ambo ya mto Rusizi inaweza kumletea mtu maswali mengi.

Sasa ile pikipiki. Mwambie huyo Manzi aache mizimu na ashike ufunguo wa bolti. Pikipiki haijui nani amekufa. Kwanza atazame tairi la mbele, kama limekula upande mmoja. Pili ainue gurudumu la mbele juu ya kigogo, alizungushe, aone kama rimu inacheza, na agonge njiti za rimu moja moja: iliyolegea hulia tofauti na nyingine. Tatu, gurudumu likiwa bado juu, aukate usukani pole pole kutoka upande hadi upande. Ukikwama katikati, gololi za shingoni zimekufa. Nne, ashike gurudumu la nyuma na kulisukuma kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha.

Afanye kwa mpangilio huo. Asiruke moja kwa sababu ana njaa. Kisha uniandikie kila kitu, hata kile unachoona si kitu. Fundi anayetibu kwa barua ni sawa na daktari aliyefungwa macho, shemeji, kwa hiyo macho ni yako.

Mukengere

*

Gashonga, 2 Desemba 2004

Papa Ushindi,

Manzi amefanya yote, nami nimesimama juu yake kama mwalimu. Tairi zuri. Njiti tatu zilikuwa zimelegea, zimekazwa. Gololi za shingo zilikuwa zimekufa kweli, na fundi wa Kamembe ameweka mpya. Gurudumu la nyuma halichezi. Manzi akacheka, akapanda, akashuka Nyakarenzo. Alirudi anaisukuma kwa miguu. Bado inatikisika.

Ulisema niandike hata kisicho kitu. Basi: ikibeba abiria haitikisiki kamwe. Abiria akishuka, inaanza. Ndiyo maana maneno hayaishi. Pale stendi wanamwimbia Manzi: "Marehemu anatafuta mwanamuke yake ya nyuma!"

Nilitaka nikufiche hili lakini nitalisema. Siku aliyokufa, Damascène aliamka akasema anaenda darajani kuona ni nani anavuka, maana watu walikuwa wanamiminika kutoka Bukavu. Mchana Harerimana, anayeuza pombe ya ndizi juu ya kona ya Mururu, alimwona anapanda kutoka mtoni na mwanamke nyuma yake. Baadaye wakamkuta ameanguka, peke yake. Wakatafuta vichakani mpaka jioni, mwanamke hakuonekana. Wapo wanaosema alikuwa mzimu. Mimi si mjinga, Papa Ushindi. Mzimu hautafutwi darajani tangu asubuhi.

Na jambo jingine, sijui kama lina maana. Manzi anasema pale Nyakarenzo, karibu na kisima, kuna mwanamke mzee anayesimama kando ya barabara na furushi. Akiisikia pikipiki yetu tu, ananyanyua mkono. Nyingine zikipita hanyanyui. Manzi anaogopa, anaongeza mwendo, na hapo ndipo ilipomwangusha mara zote mbili. Nimemwambia awe anasali.

Ulikuwa rafiki yake. Nakuuliza kama dada yako: alikuwa na mwanamke huko Bukavu?

Gaudiose

*

Bagira, 9 Desemba 2004

Maman Aurore,

Sina muda mrefu, Maman Nzigire anangoja.

Ulipoandika kwamba na abiria haitikisiki, nilijipiga kichwa. Tazama nyuma, pale chini ambapo amotisa, ile springi ya nyuma, inashikana na mkono wa gurudumu. Nilichomelea hapo kibati chenye matundu mawili, kila upande. Amotisa zile ni ngumu, nilizitoa kwenye pikipiki kubwa ili Damascène aweze kubeba mihogo. Tundu la juu ni la mzigo: linainua nyuma, mzigo ukikaa pikipiki inalala sawa. Tundu la chini ni la kutembea mtupu. Bolti ikiwa tundu la juu na hakuna mzigo, matako yanabaki hewani, pua inainama, gurudumu la mbele linasimama wima mno na kupoteza njia. Hapo lazima litikisike. Damascène alijua. Ni ufunguo wa kumi na saba tu, kazi ya dakika chache.

Bolti iko tundu gani? Na baada ya ajali, kuna mtu aliyeigusa?

Halafu niambie, tafadhali, huyo mwanamke aliyeonekana nyuma yake alikuwa amevaa nini. Muulize Harerimana vizuri. Mnene au mwembamba? Alikuwa na nini mikononi? Usikasirike kwamba nauliza.

Mukengere

*

Gashonga, 13 Desemba 2004

Bwana Mukengere,

Bolti zote mbili ziko tundu la juu. Fundi wa Kamembe anaapa hakugusa nyuma, alinyosha mbele tu. Manzi hakujua kama kuna matundu.

Mimi nilikuwa naona bila kujua. Kila jioni kabla ya kufika nyumbani, mume wangu alisimama mlangoni pa jirani, akapiga goti na ule ufunguo, hata mvua ikinyesha. Nilidhani anatengeneza kitu kilichoharibika kila siku, nikamcheka. Hakuwahi kurudi nyumbani bila kupiga goti hilo. Siku ile moja ndiyo hakupiga.

Nimemuuliza Harerimana. Anasema: "Ni mwanamuke munene, amevaa koti ya bulu ya bafundi, mukono moja imeungua. Alikamata furushi." Umeridhika? Unamjua, ndiyo maana unauliza nguo zake. Koti la mafundi! Kwa hiyo alimpata kwako, garaji kwako, na wewe ukanyamaza miaka yote ukila ugali wangu.

Nitajie jina lake. Sitaki kitu kingine. Halafu usiniandikie tena.

Gaudiose Niyonsenga

*

Bagira, 15 Desemba 2004

Shemeji,

Nimempa Maman Nzigire nauli ya kurudi huko leo leo, na soko lake limelala kwa ajili yangu. Soma mpaka mwisho kabla ya kuichana.

Jina lake ni Nabintu. Ni mama yangu mzazi.

Sikukuambia kwa sababu siwezi kulisema. Siku ile risasi zilipofika Kadutu, nilibeba watoto wawili, mke wangu mmoja, na Mama alikuwa nyuma yetu. Kulikuwa na mvua, nikamvika koti langu la kazi, lile lililoungua mkono kwa chombo cha kuchomelea. Kwenye njia panda watu walitusukuma, na nilipogeuka hakuwepo. Nimemtafuta hospitali, makanisa, kwa wazungu wanaoandika majina ya waliopotea. Usiku mke wangu ananisikia nikiita. Mtu aliyekufa unamzika ukajua alipolala. Mimi Mama yangu sijui kama nimlilie au nimngoje, na miezi sita nakula chakula hakina ladha.

Sasa nifuate pole pole, maana nataka kufikiri kama fundi.

Niambie jambo moja ambalo hukuniandikia: pale barabarani waliona alama ya tairi ikoje? Kama ilienda nyoka nyoka kabla ya kuanguka, basi pikipiki ilitikisika. Kama ilitikisika, ilikuwa tupu. Mama yangu, unisamehe, si mwepesi. Akiwa amekaa nyuma, pikipiki ile ingeshuka mpaka Bugarama bila kupepesuka. Kwa hiyo alipoanguka alikuwa ameshamshusha mahali.

Na kama alikuwa amemshusha na kazi imekwisha, angepiga goti. Wewe mwenyewe umesema hakuacha hata siku moja. Aliacha bolti juu kwa sababu hakuwa anarudi nyumbani. Alikuwa anateremka tena kuchukua mzigo mwingine, na alikuwa na haraka.

Alimwacha mahali juu ya ile kona, kwa mtu anayemwamini. Wewe ndiye mkewe. Alimwamini nani katika barabara hiyo?

Mukengere, mwana wa Nabintu

*

Gashonga, 19 Desemba 2004

Papa Ushindi,

Nisamehe yale niliyoandika, au usinisamehe, lakini soma kwanza.

Alama ya tairi ilikuwa ya nyoka. Watoto walikuwa wakiifuata kwa mguu, wakicheza, mpaka mvua ikaifuta. Mimi nilipita juu yake siku ya mazishi.

Niliposoma swali lako la mwisho sikumaliza hata kukunja karatasi. Nilimwambia Manzi atie abiria, abiria ni mimi, twende Nyakarenzo. Kisima kile kiko chini ya nyumba ya Patricie, mama wa ubatizo wa Damascène. Na kando ya barabara alikuwa amesimama huyo mzee wa Manzi, na furushi, na koti la bulu limekuwa jeupe kwa jua. Alinyanyua mkono. Safari hii Manzi alisimama.

Yu hai, Papa Ushindi. Yu hai, anatembea kwa fimbo maana nyonga ilimsumbua njiani. Hasemi Kinyarwanda, na Kiswahili chake ni kidogo. Alinitazama mimi, akatazama pikipiki, akatazama nyuma yangu kama anatafuta mtu mwingine.

Patricie alilia kabla sijamuuliza. Nilimwambia, miezi sita umekaa na mama wa mtu, hukusema? Akanijibu: "We Maman Aurore, ku kilio ulisema mbele ya bantu bote: ule mwanamuke ya nyuma akionekana, nitamutoa macho. Mie ningemuleta wapi? Nilimuficha." Ni kweli nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa, ili wasikie hata wa nje. Alituma mwanamke mmoja wa soko mpaka Kadutu kukutafuta, akarudi na habari kwamba nyumba ni tupu na umekufa. Mama yako alikataa kuvaa nguo ya kilio. Kila asubuhi anafunga furushi lake na kushuka barabarani.

Patricie anasema Damascène alimkabidhi pale mlangoni, hakunywa hata maji. Alimwambia: "Mama, niko narudi kukuletea Mukengere." Akageuza.

Basi mzigo aliouachia bolti juu ni wewe. Nimekaa na jambo hili tangu jana na sijui niliweke wapi. Njoo. Manzi atakungojea upande wetu wa daraja Jumatano, na bolti hatujazigusa.

Gaudiose

*

Gashonga, 10 Januari 2005

Papa Ushindi,

Natumaini mlifika salama na Mama hakuchoka sana na lori. Aurore bado anaigiza jinsi ulivyoanguka magotini pale kisimani mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zako.

Nikupe ripoti ya mgonjwa, kama ulivyoagiza. Tangu uliposhusha bolti kwa mkono wako, haitikisiki. Manzi ameshuka Mururu mtupu, akaachia mkono mmoja ili kunitisha, na usukani ukabaki sawa. Anabeba abiria, anapandisha bolti. Akirudi, anapiga goti mlangoni pa jirani, pale pale. Mara ya kwanza nilipomwona kwa dirisha nilidondosha sufuria. Pale stendi hakuna anayeimba tena, na baba mkwe ameacha habari za kukata.

Ningepaswa kufurahi. Nilitaka inyamaze, imenyamaza. Lakini nitakuambia wewe tu, maana hapa watasema nimechanganyikiwa. Ilipokuwa inatikisika, nilijua yuko mahali, amekasirika au anataka kitu. Nilikuwa naamka na kuigombeza pikipiki pale uani kana kwamba ni yeye. Jana niliigusa, ilikuwa chuma tu, baridi. Aliondoka asubuhi akisema anarudi, hakunirudia mimi wala hakumrudia Mama yako. Wewe fundi umeponya pikipiki na kunichukulia mume wangu mara ya pili. Sikulaumu. Nalia tu.

Gaudiose

*

Bagira, 16 Januari 2005

Maman Aurore,

Barua yako nimeipata. Nimeibeba mfukoni siku kadhaa. Mwishowe nilimsomea Mama, neno kwa neno, kwa Kishi, lugha yetu.

Kabla ya hapo nikuambie jinsi anavyoishi. Anakula vizuri, anamgombeza mke wangu, koti hataki livuliwe. Hafungi furushi tena. Nilidhani pikipiki zikipita atakuwa anatoka mlangoni kama huko Nyakarenzo, nikajiandaa kumrudisha ndani kwa upole. Hatoki. Hageuzi hata shingo.

Nilipofika mahali ulipoandika kwamba Damascène aliahidi na hakurudi, alinizuia kwa fimbo. Nikamweleza tena kwamba alikufa siku ile ile, kwenye kona, kwamba pale Nyakarenzo alipongojea miezi yote alikuwa anamngoja marehemu. Nilisema kwa sauti, maana masikio yake si mazuri. Akaniangalia kama mtoto asiyejua kuhesabu.

"Ule kijana alisema atarudi kukuleta na ile pikipiki yake," akaniambia. "Na we, siku ulifika kwangu, ulikuya na nini?"

Nilikuja nimekaa nyuma ya Manzi, shemeji, bolti zikiwa tundu la juu kama alivyoziacha. Njia nzima haikutikisika.

Mukengere